Maktaba ndogo za vyuo mkoani Tanga na ufikiaji huria: tuanze na utafiti uliofanyika hapa kwetu

Mkutubi wa Raskazone

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Ninafungua uzi huu kwa ajili ya wakutubi wenzangu tunaohudumia maktaba za vyuo na taasisi ndogo, kuanzia Tanga mjini hadi Muheza, Korogwe na Lushoto, pamoja na wahadhiri na wanafunzi wanaozitumia. Hoja yangu ni kwamba kazi ya ufikiaji huria, yaani kuwezesha utafiti usomwe na yeyote mtandaoni bila malipo, haitulazimu kusubiri bajeti ya chuo kikubwa. Sehemu yake yenye thamani kubwa kwetu ni kukusanya, kutunza na kufungulia wasomaji utafiti uliofanyika katika mkoa huu, na hiyo ni kazi ya ukutubi ambayo hakuna maktaba ya Dar es Salaam wala ya Ulaya itakayotufanyia.

Nianze na silikanti. Wavuvi wa pwani yetu wamekuwa wakimnasa samaki huyu katika majarife yanayotegwa kwenye maji ya kina kirefu, na mwaka 2009 Serikali ilianzisha Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga. Mwaka 2011 jarida la PNAS la Marekani lilichapisha makala iliyoonyesha kwamba silikanti wa pwani ya kaskazini mwa Tanzania wana tofauti ya kinasaba na wale wa Komoro, na mwaka 2013 jarida la Nature likachapisha jenomu, yaani mpangilio mzima wa vinasaba, ya silikanti wa Afrika. Makala zote mbili zinasomeka leo bila malipo: ya kwanza kwa sababu jarida lile hufungua makala zake baada ya miezi 6, na ya pili kwa sababu ilitolewa kwa leseni huria tangu mwanzo. Hata hivyo, mwanafunzi anayefika kaunta kuulizia habari za silikanti kwa kawaida huishia kwenye kurasa za utalii, kwa kuwa orodha ya maktaba yake haimwelekezi popote. Makala imefunguliwa, lakini kwa mwanafunzi huyu ni kana kwamba bado imefungwa.

Ndivyo ilivyo pia kwa Korogwe. Mji huo ulikuwa miongoni mwa vituo 11 katika nchi 7 za Afrika ambako chanjo ya malaria ya RTS,S ilifanyiwa majaribio ya awamu ya tatu, yaliyohusisha watoto 15,459. Matokeo ya mwisho yalichapishwa mwaka 2015 katika jarida la Lancet, na mwezi Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani likapendekeza chanjo hiyo itumike. Wazazi wa Korogwe waliwatoa watoto wao kwa ajili ya elimu ile, na mwanafunzi wa uuguzi anayesoma kilomita chache kutoka walipo wazazi hao hana budi kuikuta ripoti yake katika maktaba ya chuo chake, ikiwa na ikisiri (muhtasari) ya Kiswahili na kiungo kinachofunguka. Sioni kama hilo ni jambo la anasa.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuelekeza: kutafuta makala huria zinazohusu mkoa wetu, kuziingiza katika orodha ya maktaba kama tunavyoingiza vitabu, na kuhakikisha kwamba viungo vyake havijafa. Kazi hii haina gharama zaidi ya muda wa mkutubi na intaneti, na anayetumia Koha, programu huria ya kuendeshea orodha ya maktaba, anaweza kuanza leo.

Kazi ya pili ni kupokea na kuhifadhi, na hapo ndipo penye mambo mengi. Azimio la Budapest la mwezi Februari 2002 lilitaja njia mbili za ufikiaji huria, yaani majarida yanayosomwa bure na uwekaji wa makala katika hazina za kidijitali (hifadhi za mtandaoni za vyuo au taasisi) unaofanywa na waandishi wenyewe. Vyuo vyetu vimeizungumzia sana njia ya kwanza na kuisahau ya pili, ingawa ya pili ndiyo inayotufaa zaidi sisi wenye mifuko midogo.

Tukumbuke kwamba makala moja hupitia hatua tatu. Upo mswada unaowasilishwa kwa jarida kabla haujapitiwa. Upo mswada uliokubaliwa, yaani ule ambao mwandishi amekwisha kuurekebisha kwa kufuata maoni ya wapitiaji, lakini mchapishaji hajaupanga katika kurasa zake. Kisha lipo toleo la mchapishaji, lenye nembo ya jarida na namba za kurasa. Wachapishaji wengi, wakiwamo wanaouza majarida yao kwa bei kubwa, humruhusu mwandishi kuweka mswada uliokubaliwa katika hazina ya chuo chake, mara nyingi baada ya muda wa kusubiri wa miezi 6 hadi 24. Sera ya kila jarida inaweza kuangaliwa bila malipo katika Open Policy Finder, huduma ambayo kwa miaka mingi tuliijua kwa jina la Sherpa Romeo.

Shida ni kwamba mswada huo uliokubaliwa ndio unaopotea upesi kuliko yote. Unabaki ndani ya barua pepe ya mhadhiri, au kwenye kompyuta itakayoharibika, au kwa mwandishi mwenza aliyeko nchi nyingine, na mhadhiri akiulizwa miaka miwili baadaye hutoa toleo la mchapishaji, ambalo mara nyingi hatuna ruhusa ya kuliweka hadharani. Ninawasihi wakutubi wenzangu tuuombe mswada huo wiki ile ile barua ya kukubaliwa inapofika, tuuweke katika hazina ukiwa umefungwa, kisha tuufungue siku muda wa kusubiri unapokwisha. Mkutubi anayezoea kupita ofisi za wahadhiri na kuulizia kazi zao mpya atapata miswada mingi kuliko anayetuma waraka wa chuo kizima.

Tasnifu nazo zinahitaji uangalifu wa aina yake. Tuseme imeletwa tasnifu ya uzamili kuhusu udongo wa mashamba ya mkonge ya Muheza, ikiwa nakala ya karatasi ambayo kingo zake zimeanza kubadilika rangi kwa unyevu wa pwani. Inaskaniwa kwa nukta 300 kwa inchi na kupitishwa katika programu ya kutambua maandishi, ili msomaji aweze kutafuta neno ndani yake. Ukurasa wa kibali wenye saini za msimamizi na watahini unabaki katika nakala ya ndani pekee, kwa maana saini iliyoskaniwa vizuri inaweza kunakiliwa na mtu mwenye nia mbaya. Viambatisho vinasomwa ukurasa kwa ukurasa, kwa sababu mara nyingi huko ndiko inakokutwa orodha ya waliohojiwa pamoja na namba zao za simu. Kisha inajazwa metadata, yaani taarifa za kuitambulisha kazi: kichwa cha tasnifu kama kilivyoandikwa, mwaka, chuo, ikisiri ya Kiswahili na ya Kiingereza, jina la wilaya, na maneno ya utafutaji kama mkonge, katani na Agave sisalana, ili mtafiti wa kituo cha kilimo cha Mlingano, Muheza, na mtafiti wa Brazili waifikie kazi ile ile.

Jina la mwandishi lisijazwe kwa haraka. Mtu mmoja huandika jina la baba mwishoni katika tasnifu yake, na katika makala iliyofuata akaandika la babu, na mifumo ya kompyuta ikahesabu kwamba ni watu wawili. Tumsaidie kila mwandishi kufungua namba yake ya ORCID, namba ya kudumu ya kumtambulisha mtafiti, ambayo ni bure, na tuiingize katika kila rekodi yake.

Ningependa kusikia maoni yenu, hasa kutoka taasisi ambako jambo hili limekwisha kuanza.

Mwalimu wa Lushoto

Mkutubi, ahsante kwa uzi huu. Ninaunga mkono sehemu kubwa ya maelezo yako, lakini nieleze wasiwasi ulioenea miongoni mwa sisi tunaosimamia wanafunzi. Tasnifu ikiwekwa hadharani, mwanafunzi wa chuo kingine anaweza kuichukua sura nzima na kuiwasilisha kuwa yake. Pili, wahitimu wetu wengi wanakusudia kutoa makala kutokana na tasnifu zao, na wanaogopa kwamba jarida litazikataa likisema kwamba kazi imekwisha kuchapishwa. Nimeona mhitimu mwenye takwimu nzuri za misitu ya Usambara akikataa kabisa kutia saini fomu ya idhini kwa sababu hiyo, na sikuwa na jibu la kumtuliza.

Fundi Seva, Chumbageni

Ninashughulika na TEHAMA ya taasisi zaidi ya moja hapa mjini, na nawaomba wakutubi mlitafakari hili kabla hamjaniletea ombi la kusimika DSpace, yaani programu ya kuendeshea hazina ya kidijitali. Programu hiyo ni nzuri, imekuwapo tangu mwaka 2002 ilipotolewa na chuo cha MIT pamoja na kampuni ya Hewlett-Packard, na haina ada ya leseni. Gharama yake iko kwenye matunzo. Kuanzia toleo la 7 la mwaka 2021 imegawanyika sehemu mbili zinazoendeshwa pamoja, inahitaji programu nyingine kama Java, PostgreSQL na Solr, na inakula kumbukumbu ya seva kuliko matoleo ya zamani. Panahitajika mtu wa kuziba mianya ya usalama kila masahihisho yanapotoka, wa kuhakikisha umeme wa akiba unafanya kazi, na wa kupima kama nakala rudufu inarejesheka kweli. Katika vyuo vidogo mtu huyo ndiye pia anayeshughulikia mfumo wa ada na wa matokeo ya mitihani, na wakati wa mitihani hazina ya maktaba haitakuwa ya kwanza katika orodha yake. Akihama, mfumo unabaki yatima, na nimezikuta hazina ambazo anwani zake hazifunguki tena ingawa zilizinduliwa kwa sherehe.

Kwa taasisi yenye tasnifu na makala chache kwa mwaka, ningeshauri muanze na Zenodo, hazina ya mtandaoni inayoendeshwa na CERN, kituo cha Ulaya cha utafiti wa fizikia, tangu mwaka 2013. Hailipishwi, inapokea hadi GB 50 kwa rekodi moja, kila rekodi hupewa DOI (namba ya kudumu ya kuitambulisha mtandaoni), na maktaba inaweza kufungua jumuiya yake humo na kuamua kipi kiingie. Mafaili yote yabaki pia kwenye diski mbili za nje, moja ikiwa nje ya jengo la maktaba. Mkikua, taasisi kadhaa za mkoa zichangie seva moja na fundi mmoja anayelipwa kwa kazi hiyo.

Mwanafunzi wa Ngamiani

Shikamooni wakubwa. Mimi ninamalizia shahada ya uzamili na nimeandika makala yangu ya kwanza. Nimepokea barua pepe kutoka jarida nisilolijua, wakinisifu na kuniahidi kwamba makala itapitiwa na kuchapishwa ndani ya siku chache nikilipa ada kwa dola. Wakati huohuo, jarida ambalo msimamizi wangu analiamini linatoza ada kubwa zaidi, ambayo familia yangu haiwezi kuilipa. Je, maktaba inaweza kunisaidia katika jambo kama hili, au ni jambo la idara?

Mkutubi wa Raskazone

Marahaba, ndugu yangu, na umefanya vyema kuuliza kabla ya kulipa. Hili ni jambo la maktaba moja kwa moja.

Kuhusu barua hiyo, usilipe. Mapitio ya kweli ya wataalamu huchukua wiki nyingi na mara nyingi miezi, na jarida linaloahidi siku chache haliwezi kuwa limempa mtaalamu yeyote muda wa kuisoma kazi yako. Angalia kama jarida limo katika DOAJ, orodha ya majarida huria iliyoanzishwa mwaka 2003 katika Chuo Kikuu cha Lund nchini Sweden, ambayo huchunguza jarida kabla ya kulipokea. Angalia pia kama wajumbe wa bodi ya uhariri wanalitaja jarida hilo katika kurasa zao wenyewe. Tovuti ya Think. Check. Submit. ina maswali ya kukuongoza, na mkutubi wako anapaswa kuketi nawe mkayapitia pamoja.

Kuhusu jarida analoliamini msimamizi wako, omba msamaha wa ada, na uombe wakati wa kuwasilisha makala, kwa sababu wachapishaji wengi hawapokei ombi baada ya makala kukubaliwa. Hapa pana jambo ambalo watu wengi hawalijui. Katika mpango wa Research4Life, Tanzania imo katika Kundi A, ambalo taasisi zake husoma majarida bila malipo, na wapo wachapishaji wanaotumia orodha hiyo kusamehe ada ya uchapishaji. Wengine hufuata orodha ya Benki ya Dunia, ambayo mwezi Julai 2020 iliihamisha Tanzania kutoka nchi za kipato cha chini kwenda kipato cha kati cha chini, na kwa hao unaweza kukuta punguzo badala ya msamaha kamili. Soma ukurasa wa ada wa jarida lenyewe, na uangalie nani ndiye mwandishi wa mawasiliano, yaani anayeandikiana na jarida kwa niaba ya wenzake. Ikiwa ni mwandishi mwenza aliyeko nchi tajiri, msamaha unaweza kukosekana hata kama kazi yote ilifanyika Pangani. Mkubaliane juu ya hilo mapema, wala usione haya kulizungumza na wakubwa wako. Yapo pia majarida yasiyomtoza mwandishi wala msomaji, na DOAJ hukuwezesha kuyachuja.

Ada hizi zimefika mahali ambapo mtu mmoja hawezi kuzibeba. Mwishoni mwa mwaka 2020 jarida la Nature lilitangaza ada ya Euro 9,500 kwa makala moja huria, kiasi ambacho katika maktaba nyingi ndogo kingetosha kununua vitabu vya mwaka mzima na kusaza. Ndiyo maana ninarudi kwenye mswada uliokubaliwa, ambao kuuweka katika hazina hakumgharimu mwandishi hata shilingi moja.

Mwalimu, shikamoo. Wasiwasi wako ni wa haki na fomu ya idhini inapaswa kuujibu. Kuhusu wizi wa maandishi, tasnifu iliyofungiwa kabatini inaibwa pia, tena kwa usalama zaidi kwa mwizi, kwa sababu programu za kukagua mfanano haziwezi kuifikia. Iliyo wazi ina tarehe, ina DOI na ina jina la mwenyewe, na msimamizi wa chuo kingine akiweka sentensi moja kwenye Google ataikuta. Kuhusu makala, wachapishaji wengi hawaihesabu tasnifu iliyo katika hazina ya chuo kuwa ni chapisho la awali, lakini si wote. Kwa hiyo fomu impe mhitimu nafasi ya kuchagua ifunguliwe mara moja, au ifungwe kwa mwaka mmoja au miwili huku kichwa na ikisiri vikionekana. Mhitimu wako wa Usambara angepewa nafasi hiyo, naamini angetia saini.

Fundi, nimekuelewa na ninakubaliana nawe. Tumezoea kuanza na mashine na kumalizia na idhini, na ndiyo maana hazina nyingi huzinduliwa zikiwa tupu. Ninalo ombi moja tu: akaunti ya jumuiya hiyo ya Zenodo iandikwe kwa jina la maktaba na barua pepe ya ofisi, kamwe si kwa barua pepe ya mtu binafsi, ili kuhama kwa mtumishi kusiondoke na funguo.

Mtunza Kumbukumbu, Pangani

Nina swali la nyongeza. Kabatini kwetu pana tasnifu ya miaka mingi iliyopita kuhusu uvuvi wa mlango wa mto Pangani, na haipo mahali pengine popote ninapopajua. Mwandishi wake amekwisha kufariki. Wanafunzi huiulizia mara kwa mara na karatasi zinazidi kuchakaa. Nani anatoa idhini katika hali kama hiyo?

Mkutubi wa Raskazone

Mwenyezi Mungu amrehemu. Kwa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, haki za kiuchumi za mwandishi zinaendelea kwa miaka 50 baada ya kifo chake, kwa hiyo zimekwenda kwa warithi wake na wao ndio wa kuombwa. Chuo alichosomea kinaweza kuwa na kanuni zake kuhusu tasnifu, hivyo waandikieni nao. Kwa familia, asitumwe mtu na fomu pekee. Aende mkutubi mwenyewe, achukue nakala iliyochapwa ya tasnifu ili awaachie watoto, kwani huenda wao wenyewe hawanayo, na awaeleze kwa Kiswahili chepesi kwamba jina la mzee wao litabaki juu ya kazi yake na kwamba hakuna atakayeiuza. Idhini yao iwe ya maandishi, itaje leseni mliyokubaliana, na itunzwe pamoja na rekodi.

Wakati mnasubiri, skanini sasa kwa ajili ya kuinusuru kabla karatasi hazijaharibika zaidi, faili liwe la ndani na lisomewe kwenye kompyuta ya maktaba tu. Kichwa, jina, mwaka na maelezo mafupi mtakayoyaandika nyinyi wenyewe vinaweza kuwekwa hadharani tangu leo, ili mtafiti aliyeko mbali ajue kwamba kazi hiyo ipo na iko Pangani.

Nikipata nakala ya fomu ya idhini tunayoitumia, iliyoandikwa kwa Kiswahili, nitaiweka hapa mtu yeyote aichukue na kuirekebisha kulingana na chuo chake. Mwalimu wa Lushoto, nitashukuru ukiipitia kwanza upande wa kifungu cha muda wa kusubiri.